Nusu Saa ya Mama Mkwe

Mume wangu huwaambia watu kwamba nina ugonjwa. Tukienda kula nje, anasema, wenzake wanasoma menyu kutafuta kuku wa kuchoma, mke wake anaisoma kutafuta kosa. Hasemi uongo. Karatasi ya zamu za usafi kanisani kwetu Miyuji iliwahi kubandikwa ikiwa na Jumamosi mbili ndani ya wiki moja, na watu wazima wenye akili zao waliipita, wakaipita tena, mpaka nilipoifikia mimi. Katibu alinitazama kama mtoto aliyemuuliza mgeni ataondoka lini.

Lakini ndiyo kazi yangu. Mimi ni afisa takwimu, na mkate wangu hapa Dodoma unatokana na kuchungulia majedwali ya watu wengine kwenye kompyuta. Wengi wanadhani kosa hupiga kelele. Kosa linalopiga kelele ni la kitoto, hata mlinzi wa getini atakuonyesha. La hatari ni lile lililooga, likachana nywele, likakaa katikati ya wenzake na kuamkia watu shikamoo.

Hilo nalo lina dalili zake. Namba halali, ukiiandika kwenye kisanduku chake, huenda yenyewe kuegemea upande wa kulia. Ukiiona imeegemea kushoto bila mtu kuisukuma, hiyo si namba, ni neno limevaa nguo za namba, na wakati wa kujumlisha kompyuta itairuka kimyakimya. Jumla isiyobadilika hata ukiongeza kitu juu yake, kuna mtu aliiandika kwa mkono akaenda kunywa chai. Safu ambayo majibu yote yanaishia na sifuri ilijazwa na mtu aliyekaa kivulini siku nzima. Na jedwali lisilo na pengo hata moja ndilo linaloninyima usingizi kabisa, kwa sababu watu ninaowajua mimi husahau, hununa, hukataa kujibu, na siku ya mnada hawapatikani.

Ndugu wa mume wangu waliniheshimu tangu harusi ya shemeji yangu mdogo. Kamati ilikuwa na jedwali la wageni, kazi nzuri sana, lina rangi ya maji ya bahari juu na chini. Nikaona kwamba mstari wa wajomba umeongezwa chini kabisa, wakati fomula ya jumla ilikuwa imeishia mstari mmoja juu yao. Nikasema, "Jamani, wajomba hawamo kwenye viti." Mwenyekiti akanijibu, "Mama eksel, tulia, kila kitu kiko kwenye kompyuta." Kilikuwa kwenye kompyuta kweli. Siku ya siku wajomba walikula wamesimama, sahani mkononi, nyuso zimekunjamana, na mpaka leo mmoja wao hapokei simu ya mwenyekiti.

Basi ni kiangazi kimoja, si zamani. Nilikuwa kwenye mradi mdogo wa maji, mdogo kiasi kwamba ofisi nzima tulikuwa tunagombania feni moja. Mradi ulikuwa umekodi mtambo wa kuchimba visima virefu, na mtambo huo ungekaa kwetu kwa muda mfupi kabla mvua haijaharibu barabara. Vijiji vilivyoomba kisima vilikuwa vingi, vya kuchimbiwa ni vichache. Ikaamuliwa kwamba tupime jambo moja tu lisilo na siasa: mwanamke akiondoka nyumbani kufuata maji, anachukua muda gani mpaka arudi. Kijiji chenye muda mrefu kikae juu ya orodha. Kilicho chini kisubiri mradi mwingine, na mradi mwingine kwetu ni neno la kiungwana la kusema hapana.

Vijana wa takwimu wakagawana wilaya. Upande wa Chemba alikwenda mwenzangu mmoja wa kutoka Iringa, Mhehe, na kwa kuwa mimi ni Mgogo, yeye ni mtani wangu. Hatukuwahi kusalimiana kama Wakristo. Yeye akiingia ofisini huuliza kama leo nimekula mlenda wa mchana au nimeufanya gundi ya bahasha, na mimi humuuliza kama ulanzi aliokunywa jana umeshampa ruhusa ya kuongea.

Data ikarudi, bosi akaipanga mwenyewe. Bosi wetu alikuwa mtu mzuri mwenye udhaifu mmoja, anapenda unadhifu kupita kiasi. Kalamu zake mezani hukaa kwa kufuatana urefu. Akanitumia jedwali Jumatano na ujumbe mfupi: pitia, Ijumaa linakwenda kwa wachimbaji.

Nikalifungua. Na kama ambavyo mtu yeyote angefanya, hata mtakatifu, jicho langu likaenda kwanza kutafuta kijiji cha wakwe zangu.

Kilikuwa cha mwisho. Muda wa kufuata maji: nusu saa.

Nilicheka peke yangu. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni.

Mama mkwe wangu anaishi huko Chemba, ndani kabisa, mahali ambapo ukishuka kwenye basi la Kondoa bado una safari nyingine mbele yako. Ni Msandawe, lugha yake ina vidoko vya ulimi ambavyo nimejaribu kuviiga tangu niolewe, na kila nikijaribu watoto wa kijiji huitana waje kusikiliza. Kiswahili anakijua, ila anakitumia kama nguo ya kutokea, kwa uangalifu. Mara ya mwisho kwenda kwake nilimsindikiza kufuata maji. Kisima chenyewe ni shimo kwenye mchanga wa korongo lililokauka. Unaingia shimoni, unakaa, unasubiri maji yatoke chini ya mchanga yenyewe kwa hiari yake, unayachota kwa kata, unasubiri tena. Nyuma yako wako wanawake wengine na madumu yao, na kila mmoja lazima asubiri shimo lijae upya. Tuliondoka nyota bado ziko juu. Tuliporudi jua lilikuwa limeshaanza kuuma mabega. Jioni akanipa ndoo nzima nioge, na nilipomuuliza yeye ataoga nini, akasema ameshaoga. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini.

Sasa mwanamke huyo, kwa mujibu wa jedwali, alikuwa anakwenda na kurudi kabla uji haujapoa.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Ningeenda kwa bosi kusema kijiji cha mwisho kinastahili kuwa cha kwanza, angeniuliza najuaje. Ningejibu nini? Kwamba huko ndiko alikozaliwa mume wangu? Bosi alikuwepo kwenye harusi yetu, alipewa kipaza sauti, alisema ukipenda boga upende na ua lake. Mtu wa takwimu anayepandisha kijiji cha mkwewe hana tena kazi, ana kesi. Na nikinyamaza, yule mama ataingia shimoni kesho, na keshokutwa, na kiangazi kijacho.

Nikajiwekea sharti. Kama kuna kosa kwenye jedwali hili, nilitafute kwa watu baki kwanza. Kosa la kweli halichagui ukoo.

Nikaanza kunusa. Safu ya muda ilikuwa imetulia mno. Saa mbili, saa mbili na nusu, saa moja na nusu, namba zote zina adabu, hakuna iliyochupa. Sasa ukichukua saa aliyorudi mtu ukaondoa saa aliyoondoka, kwenye majibu mengi ya binadamu lazima mmoja atakosea, arudi kabla hajaondoka, na kompyuta iweke alama ya kutoa mbele ya jibu lake. Hapa hakukuwa na alama ya kutoa hata moja. Lisemwalo lipo, na lisilosemwa nalo lipo. Nikabonyeza kisanduku kimoja niangalie fomula.

Kuna fomula ya herufi tatu ambayo kazi yake ni kuichukua namba yenye alama ya kutoa na kuivua alama hiyo, ibaki safi. Ilikuwa imefunika safu nzima kutoka juu mpaka chini. Nikaiondoa, kwenye nakala yangu, si kwenye jedwali la bosi, sina wazimu. Safu ikajaa alama za kutoa karibu upande wote wa Chemba. Wanawake wa vijiji vizima walikuwa wanarudi na maji saa mbili kabla hawajatoka nyumbani.

Nikamwita mtani wangu. Akaja na kikombe chake.

"Mtani," nikamwambia, "huku ulikokwenda ni kijijini au ni peponi? Watu wanarudi kabla hawajaondoka."

Akainama, akasoma. "Hawa nawakumbuka. Wanaondoka saa kumi na moja."

"Umeandika kumi na moja."

"Si ndiyo waliyosema? Nimewauliza mnaondoka saa ngapi, wakasema saa kumi na moja, nikaandika kumi na moja."

"Na kurudi?"

"Kurudi sikuwauliza. Nilikaa kuwasubiri. Wakitokea, natazama simu, naandika." Akaonyesha na kidole. "Huyu, tisa kamili."

Alisema hivyo, kikombe kikamganda hewani. Msomaji wangu bila shaka ameshafika alipofika yeye. Sisi saa zetu tunaanza kuzihesabu jua likichomoza, kwa sababu ndipo watu wanapoamka. Simu zetu zinaanza kuhesabu katikati ya usiku, sijui kwa ajili ya nani. Kila Mtanzania anaishi na saa hizo mbili kichwani na anavuka kutoka moja hadi nyingine bila kukanyaga maji. Mtani alikuwa ameandika saa ya kuondoka kwa kinywa cha wanawake na saa ya kurudi kwa kioo cha simu. Aliyeondoka saa kumi na moja alfajiri akarudi saa tatu asubuhi, saa nne nzima za jasho, kwenye jedwali alikuwa kumi na moja na tisa. Tisa ukitoa kumi na moja, kuna upungufu wa mbili. Vua alama, mbili safi.

"Mtani," akasema kwa sauti ndogo, "usiniambie na kwa mkweo ni hivyo."

Kwa mkwe wangu ilikuwa mbaya zaidi. Wao huondoka saa kumi alfajiri, yeye akaandika kumi. Walirudi saa nne na nusu asubuhi, simu ikamwambia kumi na nusu. Kumi mpaka kumi na nusu. Kadiri walivyoteseka ndivyo jedwali lilivyowaona wana raha, na hawa walikuwa wameteseka kiasi cha kukosa hata alama ya kutoa ya kuwatetea.

Tukaenda kwa bosi wote wawili. Nilimwonyesha alama za kutoa, nikamweleza habari ya simu. Akasikiliza vizuri. Kuhusu ile fomula akasema, bila haya hata kidogo, kwamba ni yeye aliyeiweka. "Niliona minasi zinachafua ukurasa. Mtu hawezi kurudi kabla hajaenda, kwa hiyo nikajua ni uandishi tu."

"Bosi, ulijua kuna kosa ukalivalisha shati?"

Mtani akanikanyaga mguu. Bosi akakohoa, akakubali kwamba mistari yote yenye alama ya kutoa irekebishwe. Nikashusha pumzi. Kisha akateremka mpaka chini kabisa ya jedwali.

"Hii ya mwisho haina minasi. Hii ni nzima."

"Hiyo nayo ni hivyohivyo," nikasema. "Bahati mbaya tu imeangukia upande wa kujumlisha."

Akasoma jina la kijiji. Akanitazama. "Huku si ndiko tulikokwenda kukuchukulia mume?"

"Ndiko."

"Na huyu aliyekusanya data ni mtani wako."

"Ni mtani wangu."

"Dada yangu, jiweke kwenye kiti changu. Wachimbaji wakiniuliza, nikisema kijiji cha mwisho kimeruka mpaka cha kwanza kwa maneno ya mkwe na mtani, nitaonekanaje?"

Iliniuma, na iliniuma zaidi kwa kuwa alikuwa na haki. Ningekuwa mimi kwenye kiti hicho ningemfukuza mtu kama mimi.

Akafikiri kidogo, uso ukamchangamka. "Si una namba yake ya simu? Tumpigie tumuulize mwenyewe. Mimi nitaongea."

Nikaona jua limechomoza. Nikapiga, nikaweka sauti ya juu, simu ikawekwa mezani kati ya zile kalamu. Mama akapokea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza watoto, mume, kuku, majirani, na kama Dodoma tumepata maji au bado ni mgao. Nikamwambia kuna mtu anataka kumsalimia. Bosi naye akatoa shikamoo yake.

"Marahaba baba. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mkuu wake wa kazi, mama."

Mama hapohapo, "Amekosa nini?"

"Hapana mama, hajakosa."

"Huyu mtoto ni mzuri sana. Anafanya kazi. Kama amekosa mimi ndiyo mama yake, niambie mimi."

Mtani alikuwa ameweka kiganja mdomoni, mabega yanatikisika. Bosi akamtuliza, akamwambia anataka kujua tu habari ya maji huko kijijini. Maji wanayapata wapi, ni mbali?

Nilisikia jinsi sauti yake ilivyobadilika. Ni sauti ya mwenye nyumba aliyesikia mgeni anabisha hodi. "Maji? Maji yapo, baba. Hapo tu, nyuma ya kilima. Hayana shida. Karibuni sana, mkija mtaoga, mtakunywa, ya kutosha yapo."

Hapo tu! Mtu yeyote aliyewahi kutembea katika nyanda zetu hizi anajua hilo neno. Ukiambiwa ni hapo tu, funga viatu vizuri na ubebe karanga. Lakini mama hakuwa anadanganya kwa ubaya. Alimdhania bosi wangu anatafuta mahali pa kufikia, na mgeni haambiwi kwamba nyumba haina maji, hasa mgeni ambaye ndiye mkuu wa kazi wa mkweo. Mficha uchi hazai, nikasema moyoni, lakini nani atamwambia mama mkwe methali hiyo, mbele ya mwanamume, kwa sauti ya juu? Kwetu mkwe hamkanushi mama wa mumewe mbele ya mtu baki. Nikasema, "Asante mama, tutakuja." Akasema tusichelewe, atachinja.

Bosi akakata simu taratibu. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. "Umesikia mwenyewe," akasema. "Kama jedwali lenyewe lina ushahidi, nitaukubali. Maneno ya watu, hapana. Una mpaka kesho."

Nilitoka nikasimama kwenye veranda nikiangalia upepo wa Dodoma ukibeba vumbi na mfuko wa plastiki kuvuka barabara. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilimkasirikia bosi na shati lake la herufi tatu, mtani na simu yake, mama na kuku wake wa kuchinja. Nikaikumbuka ile miguu yenye vumbi ya mtu aliyesema ameshaoga, na machozi yakanitoka kabisa, nikajifuta kwa kitambaa cha miwani.

Kesho yake nikalikalia jedwali kama mtu anayechambua mchele. Sikuangalia namba tena, namba nilishazihoji. Nikaangalia fremu yake. Juu ya kila safu kuna herufi, zinafuatana kama tulivyofundishwa darasa la kwanza. A, B, C, halafu E.

Nikarudia. A, B, C, E. Ukishachoka kutazama kilichopo, hesabu kisichokuwepo. Safu ilikuwa imekunjwa ikafichwa, imebaki alama nyembamba tu kama mshono. Nikaifungua.

Ilikuwa safu ambayo kila mtafiti huijaza kabla hajauliza swali lolote, saa aliyofika kijijini. Hiyo hakuna anayeuliza mtu, unatazama simu yako unaandika. Kwenye mstari wa kijiji cha mkwe wangu mtani alikuwa ameandika nane kamili. Saa mbili asubuhi.

Nilikwenda ofisini kwa bosi nikiwa nusu natembea, nusu nakimbia, laptopu mikononi, mtani nyuma yangu. Bosi akaiona ile safu, uso ukamshuka kidogo.

"Niliificha mimi," akasema. "Ilikuwa inapanua ukurasa, haikai vizuri ukichapisha."

"Bosi, naomba usome wewe mwenyewe. Mimi sisemi neno."

Akasoma. "Alifika saa mbili asubuhi."

Nikamgeukia mtani. "Ulimkuta nani?"

"Wazee wa kiume, mbuzi, na kuku mmoja mkorofi. Wanawake wote walikuwa kisimani. Nilikaa pale mpaka waliporudi."

Bosi akainua mkono, maneno ya watu hayataki. Akaendelea na kidole chake kwenye mstari, polepole, kutoka safu hadi safu. Mtafiti amefika saa mbili. Wanawake, kwa mujibu wa jedwali, wameondoka saa nne. Wamerudi saa nne na nusu. Akarudi nyuma. Akaenda kwenye safu ya mwisho, ya maoni, ambayo hakuna binadamu huisoma, na humo mtani alikuwa ameandika kwa mkato wake: nimefika, akina mama hawapo, nasubiri.

Kalamu moja ikaanguka. Bosi hakuiokota.

"Hawakuwepo saa mbili," akasema. "Kwa hiyo hawakuondoka saa nne." Akahesabu kwa vidole chini ya meza, nilimwona. "Saa sita na nusu. Kila siku?"

"Kila siku," nikasema, nikavunja ahadi yangu ya kutosema neno.

Nikaomba nitoke. Sikutaka mkono wangu uwe karibu na kibodi wakati kijiji kile kinasogezwa. Nilikaa kwenye benchi la nje nikitazama mlango, nasikia vitufe vinabonyezwa na sauti ya bosi ikisoma mstari mmoja mmoja, kijiji kimoja baada ya kingine, upande mzima wa Chemba. Ilichukua muda. Mtani ndiye aliyetoka kwanza.

"Mtani, nina habari mbaya," akasema. "Ukweni kwako hakukaliki tena. Kumepanda mpaka juu kabisa, kutakuwa na foleni ya wanaotaka kuoa."

Nikampiga na kitambaa cha miwani.

Mtambo ulifika kule wakati mawingu yameanza kuzurura. Sikwenda kushuhudia, nilijizuia, nilisikia kwa simu. Walichimba, wakatoa vumbi, wakatoa tope, mwisho maji. Yana chumvi kidogo, kama maji mengi ya upande ule, mama anasema chai inakuwa na ladha ya machozi ila ukizoea huioni. Bomba likawekwa nyuma ya shule, unaweza kuliona ukiwa umesimama mlangoni kwake.

Nilipata likizo baada ya mvua za kwanza, nikaenda na watoto. Tulifika jioni, tukala, tukalala mapema kama watu wa shamba. Sasa, mwanamke aliyeolewa anajua sheria ya kulala ukweni. Lazima uamke kabla ya mama mkwe, uwe umeshafagia uwanja na kubandika maji ya uji kabla hajatokea. Mimi sheria hiyo sijawahi kuishinda. Kila nilipojitahidi kuamka, nilikuta kitanda chake kina baridi na madumu hayapo. Katika miaka yote ya ndoa yangu nimemwona mama huyo anapalilia, anapepeta, anasali, anagomba, anacheza ngoma, ila sikuwahi kumwona amelala.

Niliamka kukiwa bado na giza, nikatoka kwa kunyata. Madumu yalikuwepo, yamepangwa ukutani. Nikafagia. Nikawasha moto. Kukapambazuka, jua likatoka, kuku wakaanza fujo zao, majirani wakapita wakiniamkia. Mlango wa mama umefungwa. Uji ukaiva. Nikaanza kuogopa. Mwanamke mzima, umri ule, na wanasema ugonjwa humsubiri mtu apumzike ndipo umwingie. Nikasogea mlangoni, nikasukuma taratibu.

Chumba kilikuwa na giza, dirisha limezibwa na gunia. Alikuwa amelala ubavu, kanga hadi kidevuni, mdomo wazi, anakoroma sauti ndogo kama ya paka. Miguu ilikuwa imetokeza nje ya kanga, safi kabisa. Sikujua kwamba analala amekunja ngumi kama watoto wangu.

Mlango ukalia nyuma yangu. Akashtuka, akajiinua kwa kiwiko, mkono unapapasa chini kutafuta viatu.

"Saa ngapi?"

Ilikuwa saa mbili na robo.

"Saa kumi, mama," nikasema. "Bado."

Aliutazama ule mwanga wa jua uliokuwa umeingia mlangoni pamoja nami ukafika hadi kitandani. Akanitazama mimi, na ufagio mkononi mwangu. Kisha akavuta kanga mpaka kichwani, akageukia ukutani.

"Basi funga mlango," akasema.